Ruhusa ya Kuitazama Bahari

Kijiwe chetu cha Mikumi kilikuwa mataruma mawili ya reli yaliyolazwa juu ya mawe, ng'ambo ya stesheni. Hakuna aliyeuliza yametoka reli ipi, maana aliyeyaleta, Gabrieli, alikuwa mtu wa gengi la reli, na treni zilikuwa bado zinapita. Tulimwita Breki, kwa kuwa maneno yake yakishaanza kuteremka hayakuwa nazo. Wa pili alikuwa Makarius, balozi wa nyumba kumi, mtu wa milima ya Vidunda aliyesomeshwa na wamisheni mpaka akaipenda karatasi kuliko ugali. Huyo tulimwita Katiba. Wa tatu ni mimi. Shule niliacha darasa la nne, yaliyobaki nikajifunza kwa kuwafundisha wengine. Jina langu la kijiweni lilikuwa Baharia, na nililipata kwa jasho la mdomo wangu, maana miaka kumi nzima nilikuwa nawahadithia jinsi nilivyoishi pwani na kushika usukani wa meli. Kahawa alipika Bi Sikuzani, mjane, mtu mzima kuliko sisi sote. Alasiri ninayoisema, mwaka wa pili tangu watu wakusanywe vijijini, aliinua birika, akalenga kikombe cha Katiba, akamimina kwenye goti la Katiba.

— Bi Sikuzani! — Katiba aliruka. — Goti langu halinywi kahawa!

— Nisamehe, baba. Jicho la kushoto lilishanisusa, na hili la kulia linafunga virago. Yule daktari wa macho aliyepita mwezi jana kaniambia mpaka mavuno litakuwa limezima. Dawa yake hana.

Tukabaki tunamtazama. Hata Breki alisahau kikombe chake mdomoni.

— Msinitazame hivyo, — alisema Bi Sikuzani, akilifuta goti la balozi kwa upindo wa khanga. — Mnadhani kwa kuwa sioni vizuri sioni mnavyonitazama. Mimi nimeshafikiri. Kabla halijazima, nataka nikaione bahari.

— Bahari ya nini, mama? — aliuliza Breki. — Si bora ukaone wajukuu?

— Wajukuu nawajua kwa kuwashika. Bahari haishikiki. Mlima nimeuona. Mto Mkondoa nimeuona ukibeba nyumba yetu kule Munisagara, na mlango umefungwa. Tembo nimemwona mpaka nimemchoka. Kikubwa kilichobaki ni hicho. Giza likija, nataka linikute nimeshaweka kitu kikubwa ndani.

Katiba alikohoa kile kikohozi chake cha kiserikali.

— Ndugu zangu, tusiende mbio. Huu ni wakati wa palizi. Kutoka kijijini lazima pawe na barua yangu, na barua lazima iwe na sababu. Sababu zinazotambulika ni tatu: ugonjwa, msiba, na kazi ya chama. Kutazama hakumo.

— Andika msiba, — alisema Breki.

— Kafiwa na nani?

— We andika tu. Mji mkubwa ule, hakosekani mtu aliyekufa. Akifika atamtafuta.

— Breki, barua ina muhuri.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu limeingiaje hapa?

— Si ndiyo ugonjwa huo? Andika amevunjika guu!

Bi Sikuzani alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi nikaona zamu yangu imefika, maana palipotajwa bahari bila Baharia kusema ilikuwa kama msikiti bila adhana.

— Waacheni hawa washamba, Bi Sikuzani. Bahari naijua mimi. Mawimbi yake yanapanda juu kuliko stesheni ya Kilosa. Siku moja wimbi lilininyakua asubuhi nikiwa na njaa, likanirudisha jioni nimeshiba samaki.

— Acha fiksi! — alisema Katiba.

— Fiksi? Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi niliyafika, ndiyo maana najua wingi wake. Yale maji yamekaa kama bakuli lililojaa mpaka mdomoni, hayapungui hata kijiko, mwaka mzima. Nahodha wetu alikuwa anaweka alama ya chaki kwenye jiwe, na chaki hailowi.

— Mimi nimesikia, — alidakia Breki, ambaye hakupenda kuachwa nyuma katika mbio za namna hii, — kwamba bahari haimpendi mtu wa bara. Ukiitazama mara ya kwanza kwa macho mawili, inakuzungusha kichwa unaanguka puu. Lazima ufumbe jicho moja.

— Basi mimi nimeshajiandaa, — alisema Bi Sikuzani.

Tukacheka, kisha tukaona aibu kwamba tumecheka. Yeye akawa anachochea mkaa kama hakusema kitu. Halafu akamgeukia Katiba, sauti imeshuka.

— Ndugu Balozi, nikuulize. Juzi basi la watalii lilisimama pale barabarani. Wazungu wanane, na mmoja mzee kuliko mimi, anashikwa mkono. Wanakwenda wapi?

— Mbugani. Kutazama wanyama.

— Wametoka wapi?

— Ng'ambo ya bahari.

— Yaani wameivuka bahari nzima, wasiitazame, waje kumtazama nyati. Nyati yule yule aliyelala kwenye mahindi ya shamba la kijiji. Nani aliwaandikia barua? Na sababu waliweka nini, guu au msiba?

Katiba aligeuza macho barabarani.

— Wale... sababu yao ni utalii. Serikali inautambua.

— Basi niandike mtalii.

— Bi Sikuzani, mtalii ni mtu wa...

— Mtu wa kutazama kitu ambacho kwao hakipo. Kwetu hapa, baba, bahari ipo?

Breki alipiga goti lake. Katiba alitazama juu, akatazama chini, kisha akatoa daftari mfukoni mwa shati na kalamu nyuma ya sikio. Aliandika polepole, ulimi nje: *Mtajwa anasafiri kwenda Dar es Salaam kwa siku moja. Sababu ya safari: utalii.* Nakwambia ile ndiyo barua ya kwanza ya namna hiyo tangu uhuru, angalau kwa nyumba zetu kumi.

Tukaanza kupanga. Treni ya hapa mpaka Kilosa, pale kusubiri treni kubwa ya usiku, asubuhi mjini, kutoka stesheni mpaka ufukweni, kutazama, kula maandazi, jioni treni ya kurudi. Katiba akachagua siku ya mwezi mpevu, ili atakaporudi aione njia ya nyumbani. Kila kitu kilikaa sawa. Kisha akainua kalamu.

— Lakini kwa jicho lile hawezi kwenda peke yake. Na muhuri siweki mpaka niwe na jina la mwenyeji, mtu anayeijua bahari, wa kumfikisha na kumwonyesha.

Wote wakanigeukia.

Hapa niseme kweli. Mwisho wangu wa dunia ulikuwa Ngerengere, na huko nilikwenda kumfuata ng'ombe aliyepotea, wala hakuwa wangu. Bahari niliijua kwa masikio. Lakini Bi Sikuzani alikuwa amelielekeza kwangu lile jicho lililobaki, na ningemwambiaje?

— Niandike, — nilisema. — Nitamwonyesha kila pembe.

Katiba aliandika: *Ataongozana na mwenyeji.* Hapo ndipo tuliposikia sauti nyuma yetu.

— Shikamooni.

— Marahaba, — tukaitikia.

Alikuwa mwanamke kijana mwenye tenga la vyombo kichwani, ameshuka treni na anasubiri gari la kwenda Ruaha, ambako mumewe alikuwa mkata miwa. Jina lake Mwamvua, mzaliwa wa Bagamoyo. Bi Sikuzani alimpa kahawa na nafasi kwenye taruma, na kabla hajameza funda la pili Breki alikuwa ameshamsimulia safari yote, mpaka maandazi.

— Vizuri sana, — alisema Mwamvua. — Na maji yatakuwepo?

Nilicheka kwa nguvu, kicheko cha mtu mwenye meli.

— Binti, tunazungumza habari za bahari, si bomba la kijiji. Yaende wapi?

— Si yanatoka? — alisema taratibu, akinitazama kama mtu anayedhani anataniwa. — Kila siku yanatoka, halafu yanarudi. Mara mbili. Mmesema mwezi mpevu, mnafika asubuhi. Mwezi ukiwa mpevu, saa nne asubuhi maji yako mbali huko. Mtaona tope, na kaa wanakimbizana. Mwenyeji wenu hajawaambia?

Katiba alilitazama neno *mwenyeji* kwenye daftari lake, kisha akanitazama mimi, kisha neno.

— Baharia, — alisema Breki, kwa upole ambao uliniumiza kuliko matusi. — Ile chaki?

Niliangalia ndani ya kikombe changu kama mtu aliyedondosha kitu humo.

— Sijawahi kuiona, — nilisema. — Nisamehe, Bi Sikuzani. Ningekupeleka ukatazame tope.

Katiba aliifunga kalamu.

— Basi safari haipo. Siwezi kumtoa mtu mwenye jicho moja aongozwe na mtu mwenye mdomo tu.

— Ifungue hiyo kalamu, baba, — alisema Bi Sikuzani. — Kwani mnadhani nilikuwa sijui? Mwaka juzi bahari yake ilikuwa ya kijani. Mwaka jana ilikuwa nyeusi kama hili birika. Leo imekuwa bakuli. Mtu aliyeiona angekuwa na moja tu.

— Sasa kama ulijua, — niliuliza, — kwa nini ulimwacha aniandike mimi?

Alikuwa anakisugua kikombe ambacho kilishatakata.

— Mimi nitaiona siku ile. Baadaye sitaiona tena, na wala sijui kichwa changu cha kizee kitaishika kwa muda gani. Nitahitaji mtu wa kunikumbusha, nikiwa nimekaa hapa gizani na birika langu. Hawa wawili wataniambia, mama, yalikuwa maji mengi, basi. Wewe miaka kumi umenihadithia kitu ambacho hujakiona, nami sijachoka kusikiliza. Ukishakiona, itakuwaje?

Nakuapia, nimesifiwa mara nyingi maishani, mara nyingi na mimi mwenyewe. Lakini maneno yale niliyameza pamoja na machicha ya kahawa, nikakohoa ili wadhani ni machicha.

Katiba alikata neno *mwenyeji*. Alifikiri, akaandika *shahidi*. Mwezi mpevu nao akaukata, maana Mwamvua alisema nusu ya mwezi ndiyo asubuhi maji yanakuwa yamesogea karibu.

— Na yakitoka, — Bi Sikuzani alimuuliza, — yanakwenda wapi?

Mwamvua alikunja uso. Alitazama upande wa mashariki, kwenye milima ya mbuga, kama jibu lingeonekana kutoka pale.

— Mama, mimi nimezaliwa hatua mia kutoka majini, — alisema mwishowe, — na hilo sijawahi kuuliza.

Tukamtazama Breki. Breki, mtu wa kuwa na jibu hata kabla ya swali, alikuna kichwa.

— Kutoka huchukua saa ngapi? — aliuliza Katiba.

— Saa sita. Na kurudi saa sita.

— Basi tutakaa tuyangoje yarudi, — alisema Bi Sikuzani, — tuone yametokea wapi.

— Siku moja haitoshi, — alisema Katiba. Akakata *moja*, akaandika *mbili*. Palizi ilikuwa imepamba moto, na kila mkono ulikuwa unahesabika.

Bi Sikuzani alikuwa anamimina kahawa ya mwisho. Sasa alitanguliza kidole kwenye ukingo wa kikombe, akaufuata mzunguko wote, ndipo akainamisha birika. Halikumwagika hata tone. Katiba alimtazama mpaka alipomaliza. Kisha akaikata *mbili* nayo, akaandika *tatu*, akapuliza wino.

— Tatu? — aliuliza Breki. — Ya tatu ya nani?

— Ya Baharia, — alisema Katiba, akitafuta muhuri mfukoni. — Na yeye hajaiona.