Mashine Iliyosifiwa kwenye Video

Tangu mchomoko, gari dogo la abiria, uondoke Ushirombo, Masudi alikuwa amepakata mashine yake ya kutafutia dhahabu kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake, huku akiilaumu kampuni ya vijana wanaosifia vifaa kwenye video, iliyomponza akainunua.

"Walifukia pete kwenye mchanga wa ufukweni, mashine ikalia," alimwambia Mama Festo aliyekaa naye kiti kimoja. "Mimi nimechimba siku mbili Bugarama, nikatoa vizibo vya soda. Kumbe pale paliwahi kufungwa turubai la harusi."

"Si umewaacha basi?"

"Nitawaachaje, mama? Wanavyoeleza, unasikia raha. Jana nimewatazama tena."

Mama Festo alikasirika kwa niaba yao. Pasi na redio yake alinunua kwa kuwasikiliza vijana hao hao, na vyote vinafanya kazi. "Wewe ndiye hujui kuitumia," alisema, akanyoosha kidole chenye pete ya ndoa. "Hii ni dhahabu ya Geita. Baba Festo aliniapia mbele ya padri. Hebu iwashe."

Masudi aliiwasha, akaipitisha juu ya pete mara tatu. Mashine iliyolilia vizibo siku mbili ilikaa kimya.

"Ni mbovu, mama," Masudi aliharakisha kusema. "Si nilikwambia?"

Gari lilisimama Katoro. Mama Festo alifunika pete kwa kiganja, akateremka taratibu.

"Kweli, mwanangu," alisema. "Wale vijana wa video ni waongo wakubwa."