Mfuko Namba Tisa

Benchi lile limeegemea ukuta wa duka la mikate lililofungwa zamani, pale barabara ya Krivopole inapokata kona kuteremkia mtoni. Asubuhi za Septemba ukungu hupanda kutoka mto Vardar na kulikuta limeshakaliwa. Kila ua una moto wa kuchomea pilipili hoho, moshi wake mtamu unachanganyika na ukungu, na wapita njia huonekana nusunusu, kama watu wanaootwa na mtu ambaye hajaamka. Trajanka hukaa kushoto na birika lake la mpini mrefu. Alifagia zahanati miaka ishirini na mitatu, basi wanamwita Nesi. Risto hukaa katikati, naye ni Redio kwa sababu hazimiki. Kulia hukaa Spase, mrefu, mpole wa maneno, aliyelisha moto wa kiwanda cha kuyeyushia madini ya risasi na zinki kwa miaka thelathini na moja mpaka kikafungwa. Huyo ni Tanuri.

Asubuhi moja Tanuri hakuwa amelala vizuri. Siku iliyotangulia alikuwa amekuja binti mmoja, Efimija, mtafiti kutoka chuo kikuu cha Skopje, akawaomba watu wa mtaa wamletee mboga wanazolima wenyewe, azipime kama zina risasi na madini mengine ya sumu. Kila mfuko aliuandika namba bila jina, ili mtu asije akaaibika mbele ya jirani, na mwenye mfuko akapewa kikaratasi chenye namba yake. Spase alizunguka kona mara mbili kabla ya kuutoa wake. Sasa kikaratasi kilikuwa ndani ya koti lake, amekikunja na kukikunja mpaka kimebaki kama punje ya maharage. Tisa.

Efimija alikuwa ameweka meza yake hatua tano kutoka benchi. Usiku kucha, katika maabara ya shule, majani yalikuwa yamekaushwa, yakasagwa, yakachemshwa katika asidi mpaka yakawa maji meupe. Maji hayo yalikuwa yamepangwa katika vichupa. Kando yake palikuwa na kidude kidogo kama kipande cha sabuni, kimeunganishwa na simu kwa waya, na vijiti bapa, vyembamba, vyenye ncha nyeusi.

Redio alitaka kujua ile nyeusi ni nini. Binti akamwambia ni grafini, kaboni iliyotandazwa ikawa nyembamba kuliko kitu chochote anachoweza kukishika mkononi. Ni ndugu wa ile nyeusi ya ndani ya kalamu ya risasi.

— Sasa unaitafuta risasi kwa risasi?

— Kalamu ya risasi haina risasi, mzee Risto. Hata chembe. Ni jina tu.

Redio alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mkewe ana jina jingine. Trajanka akamimina kahawa, akauliza hicho kijiti kinajuaje kilichomo ndani ya maji.

Efimija alikuwa na sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kuongea peke yake kazini. Akadondosha tone kwenye ncha nyeusi.

— Kwanza tunayaita madini yaje yakae hapa juu, kwa umeme kidogo. Yakishakaa, tunaubadilisha ule umeme polepole, tunayaaga. Kila moja lina wakati wake wa kuondoka. Zinki hutangulia, halafu kadimi, sumu inayoandamana nayo, halafu risasi. Likiondoka, mstari huu kwenye simu unainuka. Likiwa jingi, mlima unakuwa mrefu.

Wote watatu walitazama simu. Mstari ulitambaa kutoka kushoto, laini kama ufukwe unaoonekana kwa mbali, ukainua kilima, ukashuka, ukainua kingine. Spase alikumbuka risasi ilivyokuwa ikitoka tanurini, inang'aa kama mwezi umeanguka kwenye ndoo, na jinsi alivyokuwa akiitazama akiwa kijana, akasahau hata kuvaa barakoa. Hakuna aliyekuwa amewaambia kuwa kitu kizuri namna ile kinaweza kuingia ndani ya mtu na kutulia humo.

Redio ndiye aliyeanza soga. Alisema anajua sasa kwa nini mafuriko ya mwaka sabini na tisa hayakumchukua mtu hata mmoja wa mtaa huu: walikuwa wazito. Trajanka akamwambia aache hizo, ila akakiri kwamba miguu yake humvuta chini kila mvua ikikaribia. Redio akaona amepata mlango. Akasema spinachi inayopandwa mwezi ukiwa mdogo huyakataa madini, kwa kuwa mwezi nao ni madini na haupendi mshindani. Akasema usiku, mji ukinyamaza, risasi iliyo ardhini huitana na ile iliyo ndani ya watu, ndiyo maana wazee wa Krivopole huota ndoto zinazofanana.

— Wewe Tanuri, juzi si uliota unavuka mto kwa miguu?

— Niliota, Spase akasema.

— Na mimi. Na Nesi je?

Trajanka akasema yeye alikuwa ng'ambo ya pili, anawangojea.

Wakacheka kidogo. Kisha Redio, bila kubadilisha sauti, akamuuliza Efimija kama kidude chake kinaweza kuita kutoka mbali. Baba yake alikufa akifanya kazi tanurini, akasema, na nusu ya mwili wake ilikuwa risasi tupu. Kama madini yanaitika yakiitwa, labda yangekuja na mzee wakaongea naye dakika mbili.

Binti hakucheka. Alisema umeme wake haufiki huko.

Akaendelea na vichupa. Pilipili za namba moja zilikuwa salama, za namba nne pia. Nyanya, salama. Alieleza kwamba tunda huwa halibebi sana, ni majani ndiyo yanayokunywa kila kinachokutwa na mizizi. Kabichi ya namba saba ilikuwa na kilima kidogo. Akasema isilimwe hapo ilipo. Namba nane, salama. Kisha akadondosha tone la tisa.

Mstari ulianza kama mingine. Ulipofika mahali pa kadimi ukapanda, ukaendelea kupanda, mpaka ukatoka nje ya kioo cha simu. Efimija akayapunguza makali ya yale maji, akachukua kijiti kipya, akarudia. Ukapanda vilevile. Kilima cha risasi kikafuata nyuma yake.

Aliwageukia watu wa benchi.

— Sihitaji kujua namba tisa ni ya nani. Nataka kujua imeliwa na nani.

Redio alimtazama Trajanka. Trajanka alitazama ndani ya birika, na kahawa ilikuwa imekwisha. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na jibu.

Spase alikuwa akiiona bustani yake waziwazi, kuliko alivyouona ukuta uliokuwa nyuma yake. Mwaka themanini na sita lilikuwa bonde la matope, hata bata hawakulitaka. Kiwanda kilikuwa kinagawa bure makapi meusi ya tanuri, masalia ya madini yaliyoyeyushwa, achukue anayetaka. Alibeba matrela saba. Akajaza bonde, akafunika kwa udongo mzuri, mkewe akapanda. Miaka yote ile spinachi yao ilitoa majani mapana, ya kijani iliyoiva, ikasifiwa mtaa mzima. Mkewe alipofariki, Spase alishindwa kula peke yake, akaanza kugawa.

— Ni yangu, alisema. — Wameila hawa wawili. Nimeila mimi. Wameila nyumba kumi na moja za barabara hii.

Akavuta pumzi.

— Na Kalina.

Kalina alikuwa mjukuu wa Redio, wa miaka miwili na nusu, na hakuna chakula alichokipenda kama sambusa kubwa ya spinachi anayopika mama yake kila Alhamisi.

Redio, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amezimika, alizimika. Mikono yake ilibaki magotini. Efimija akawasogelea, akachuchumaa mbele yao. Akasema taratibu kwamba mtoto apelekwe kupimwa damu wiki hii, wazee nao wapimwe, na spinachi ile isiliwe tena na mtu yeyote wala mnyama. Kadimi huondoka mwilini polepole mno, alisema, kwa hiyo cha kwanza ni kuacha kuiongeza. Majibu ya mtoto yangekuja baada ya siku kumi na mbili, nayo yangekuwa nafuu kuliko walivyohofia. Lakini asubuhi ile hakuna aliyelijua hilo.

— Ulikuwa unajua? Redio aliuliza hatimaye.

— Nilijua nilichokifukia. Nilichokuwa nagawa sikutaka kukijua.

Trajanka alimwekea Spase mkono begani, akauondoa, akauweka tena. Redio akasimama. Ilimchukua muda kunyooka.

— Mimi sitamwambia mama yake. Nikifungua mdomo nitaongea mengine. Twende, utamwambia mwenyewe.

Wakapanda barabara bega kwa bega, ukungu ukiwa umeanza kuachia mapaa. Mbele ya nyumba ya saba Redio alibaki langoni, akageukia mtoni. Spase akabisha hodi.

Slavjanka, mama yake Kalina, alifungua akiwa na unga mpaka kwenye viwiko. Ilikuwa Alhamisi. Alipoona ni nani amekuja uso wake ukachanua, akamkaribisha ndani, akanyoosha mikono yote miwili kupokea fungu la spinachi.

Spase aliishika mikono ile, mitupu kama yake, akaanza na mwaka themanini na sita.