Cassien Barutwanayo na Miaka Kumi na Saba ya Matembezi ya Kwanza

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Bwana Cassien Barutwanayo anastaafu kutoka Kituo cha Mapokezi Pamoja, hapa Gulfton, Houston, baada ya kukitumikia kwa miaka kumi na saba na miezi sita. Aliajiriwa tarehe 3 Machi 2008 kuwa dereva wa kupokea wageni uwanja wa ndege, na anaondoka akiwa mwelekezi mkuu wa wakimbizi wapya. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu meza zetu zimepakana miaka kumi na miwili. Meneja wetu, Bi. Lydiah Cherotich, anasema pia kwamba hakuna mwingine aliyebishana naye kila siku na bado wakala chakula cha mchana pamoja.

Cassien alizaliwa Makamba, Burundi, akakulia kambini Tanzania, na akafika Houston mwaka 2007 akiwa mjane na binti mmoja, Belyse. Alianzia katika ghala la matairi. Anasema aliacha kwa ajili ya mgongo. Mimi naamini aliacha kwa sababu matairi hayana masikio, na Cassien bila msikilizaji ni mtu mgonjwa.

Kazi iliyompa jina ni Matembezi ya Kwanza. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Cassien hakuwa na subira hiyo. Siku ya pili tu baada ya kushuka ndege, mgeni alitolewa nje kwa miguu, awe na usingizi wa safari au asiwe nao, akaonyeshwa mtaa kwa muda wa saa mbili na nusu.

Hakuonyesha tu, alisimulia. Alieleza kwamba majengo haya marefu ya vyumba, yanayotazamana pande zote za barabara, yalijengwa miaka ya sabini kwa vijana waliokuja Texas kufuata kazi za mafuta. Walikuwa makapera wenye mishahara mizuri, kila kiwanja kikiwa na bwawa lake la kuogelea, na watoto hawakuruhusiwa kuishi humo. Miaka ya themanini bei ya mafuta ikaanguka, vijana wakahama, vyumba vikabaki vitupu. Hapo wenye majengo wakafungua milango kwa watu wa Amerika ya Kati, na baadaye kwetu sisi. Haya yote alifundishwa na fundi mmoja mzee wa majengo aliyekuwapo tangu enzi hizo. Cassien alipenda kumalizia kwa kuwahesabu watoto wanaocheza uani, kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Kisha zilikuja alama zake. Kanisa la Disko ni ukumbi wa zamani wa dansi ambao sasa una ibada tatu kila Jumapili. Viatu Angani ni pale kwenye nyaya ambako mtu alirusha jozi ya raba na hakuna aliyejua sababu. Bwawa Kavu ni bwawa lililojazwa udongo, ambamo akina mama wa Kirundi wamepanda lengalenga, yaani mchicha. Wakongo, Wakenya na Watanzania, wote walielekezana kwa majina hayo. Mimi nilipoajiriwa nilimwambia sihitaji hadithi, simu yangu ina ramani. Wiki hiyo hiyo ramani ilinifikisha nyuma ya karakana ya friji, mbwa wawili wakanipokea, na aliyekuja kunitoa ni yeye.

Alituachia pia taa ya wavukao kwa miguu karibu na kituo cha basi. Aliwaandikia barua wakuu wa jiji kwa miaka mitatu mpaka ikawekwa. Aliandika kwa Kiingereza kibaya na mwandiko mzuri sana, na nadhani huko waliposoma walichoka kabla yake.

Sasa nifike mahali ambapo yeye angependa niruke.

Februari 2016 aliwapokea Mzee Cyrille na mkewe, Mama Marie-Goretti, watu wazima wasio na mtoto hapa. Aliwatembeza kama kawaida. Oktoba mwaka huo, saa nne asubuhi, Mzee Cyrille alianguka jikoni kwa kiharusi. Mama alipiga namba ya dharura, akapewa mkalimani wa Kiswahili, akaulizwa anuani. Akajibu alivyozoea: ukipita Viatu Angani, nenda mpaka Bwawa Kavu, mlango wa chini wenye pazia la kijani. Mkalimani akatafsiri neno kwa neno. Gari la wagonjwa likatafuta bwawa lisilo na maji katika mtaa wenye mabwawa ya namna hiyo kila upande. Jirani akampigia Cassien hapa ofisini. Alitoka mbio, akalikuta gari kiwanja cha tatu, akalitangulia kwa miguu hadi mlangoni. Dakika thelathini na tano zilikuwa zimekwisha. Mzee alipona, lakini mkono wake wa kulia haukurudi.

Kila nyumba mpya hubandikwa kadi nyuma ya mlango, yenye barabara, namba ya jengo na namba ya chumba. Kuibandika ni kazi ya mwelekezi. Siku ile Cassien alitazama nyuma ya mlango, hakuona kadi. Akaamua kwamba aliisahau. Jioni alimwomba Mama msamaha akilia, na kesho yake akaleta barua ya kuacha kazi. Bi. Lydiah alimrudishia bila kuifungua: "Cassien, ukiondoka nani ata-train hawa wengine? Enda kazini."

Alienda, ila hakuwa yule yule. Tangu hapo hakuna aliyeonyeshwa Kanisa la Disko kabla ya kutamka namba za nyumba yake kwa Kiingereza mara tatu, na bibi wa miaka themanini hakusamehewa. Jina lake lilipopendekezwa kwa tuzo ya mfanyakazi bora, alikataa. Na kila Jumamosi, kwa karibu miaka tisa, alikwenda kumnyoa Mzee Cyrille ndevu na kumnyoosha vidole. Tulimwambia aache kujitesa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ilikuwa rahisi kwetu kusema. Belyse, ambaye sasa ni muuguzi, amemwandalia chumba kule Haltom City, mwendo wa saa nne kwa gari, tangu 2022. Cassien ameahirisha kustaafu mara mbili, na sababu ilikuwa ile ile: Jumamosi za Mzee.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwa wazee hao kuomba ruhusa ya kuandika habari hii. Mama Marie-Goretti aliuliza kama ni kweli Cassien anahama. Nikasema ni kweli, ila anakwenda na moyo mzito. Akainuka, akaleta kitabu chake cha sala, akatoa kadi. Pembe zote nne zilikuwa na gundi, na kwenye gundi kulikuwa na rangi nyeupe ya mlango.

Aliniambia hivi, na ameniruhusu niandike: "Aliibandika. Mimi ndiye niliibandua, jioni ile ile. Kambini nyumba yetu ilichorwa namba miaka kumi na tisa. Nikasema hapa sitakaa tena nyuma ya namba. Halafu Cassien akaja analia, anasema kosa ni lake. Nikaogopa. Tena nikaona anarudi kila Jumamosi, na sisi hatuna mtoto. Nikajua nikisema, hatarudi."

Mzee Cyrille, ambaye maneno humtoka polepole, aliongeza moja tu: "Aende."

Bwana Cassien, najua unasoma mistari hii ukiwa umeketi mbele yetu katika hafla hii ya kukuaga, kwa kuwa hukuwahi kungoja nyumbani kusoma kitu. Mama yuko safu ya pili, na amekuja kukuomba msamaha kwa kinywa chake. Sisi tunakushukuru kwa kila mgeni uliyemtoa nje siku ya pili. Nenda Haltom City kwa Belyse, ukapumzike kwa afya na amani. Ukija kuwaona wazee, uje kwa sababu unawapenda. Deni hukuwa nalo.

Elkana Mogaka
Kitengo cha Ajira