Telesphori Nestory na Bunduki Zake za Mninga

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, viongozi wa kijiji, majirani, na ninyi mliofika kutoka Ushirombo, Kahama na Mhunze, familia imeagiza maisha ya mzee wetu yasomwe jinsi yalivyokuwa, bila kupambwa, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kitu kilichopambwa, isipokuwa buti lililong'arishwa.

Telesphori Nestory alizaliwa tarehe 14 Septemba 1952 nje kidogo ya Ushirombo, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Nestory na mama Epifania, wakulima wa mihogo na karanga, akabatizwa katika Parokia ya Ushirombo mwezi uliofuata, na akasoma huko huko kuanzia mwaka 1961 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1967, kisha akalima na baba yake mpaka alipojiunga na Jeshi la Kujenga Taifa mwezi Aprili 1971.

Mwaka 1972 alichukuliwa jeshini, na katika mafunzo ya uaskari kitanda chake kilipakana na cha kijana wa Kisukuma kutoka Mhunze, Amosi Mageni, ambaye leo mnamwona amesimama hapa mbele. Walitumia sabuni moja na walitukanwa na mkufunzi mmoja, lakini mwaka 1974 waliachana, kwa kuwa marehemu, kwa urefu wake na kwa uwezo wake wa kutosogea, alichaguliwa kwenda Dar es Salaam kwenye gwaride la heshima, ambako alibebeshwa kwanza bunduki ya mbao kwa muda mrefu, mpaka mabega yalipoizoea, ndipo akakabidhiwa bunduki yenye singe.

Vita ilipozuka mwaka 1978, Amosi alipelekwa mstari wa mbele, naye marehemu aliomba kwenda akakataliwa, akabaki kusimama makaburini, mtutu chini juu ya ncha ya buti, mikono miwili juu ya kitako, kichwa kimeinama, akiwalinda wenzake waliorudishwa ndani ya masanduku. Kuhusu miaka hiyo aliwasimulia watoto wake jambo moja tu, kwamba kwenye mazishi fulani mjane alimshika mkono akamuuliza kama ni kweli mumewe yumo humo ndani, naye hakumjibu, kwa kuwa askari wa lindo la heshima hajibu, na yule mama aliendelea kuuliza mpaka ndugu zake walipomwondoa.

Tarehe 21 Juni 1980 alifunga ndoa na Generosa, kwao Ushirombo, wakajaliwa watoto watatu, Rhoda aliyezaliwa mwaka 1981, Donatus mwaka 1984 na Evelina mwaka 1988. Alistaafu jeshi mwaka 1992, wakahamia hapa Masumbwe, akalima mpunga na kufundisha mgambo hadi mwaka 2014, na kwa kuwa mgambo walikuja kwenye mafunzo na vijiti walivyovirusha begani kama majembe, alichonga mwenyewe bunduki kumi na mbili za mninga, akatoboa vitako, akavijaza vipande vya nondo na kuviziba, ili ziwe nzito kama ile aliyoibeba Dar es Salaam. Waliolalamika aliwaambia kwamba atakayechoka kubeba mti atachoka pia kubeba mtu.

Kila Siku ya Mashujaa Amosi alipanda gari kutoka Mhunze kuja kunywa chai hapa nyumbani, na kila mwaka alimwambia Mama Rhoda maneno yale yale mbele ya wageni, "Shemeji, sisi tulipigana vitani, mumeo alipigana na nzi," kwa maana askari wa lindo akitambaliwa na nzi usoni haruhusiwi kumfukuza, naye marehemu alijibu bila kuinua macho kwenye kikombe, "Na hawakunishinda." Watu walicheka, lakini waliokaa naye karibu wanajua kwamba utani ule ulimkaa rohoni, na kwamba kwa miaka mingi hakujiita askari mstaafu, alijiita mtu aliyewahi kuwa gwaridani. Kitu kimoja tu alikiomba kwa ajili ya kifo chake, kwamba atakapolala apate mtu mmoja wa kumsimamia kama alivyowasimamia wengine.

Tarehe 9 Novemba 2022, baada ya mvua kubwa, duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, liliporomoka huku upande wetu, na miili minne ikatolewa kwenye kifusi, ikalazwa chini ya turubai ikisubiri ndugu waje kuitambua. Marehemu alikwenda kama jirani yeyote, akakuta mbwa wanazunguka na watu wananyoosha simu kupiga picha, akarudi nyumbani, akavaa buti zake za jeshi zilizokuwa zimewekwa soli ya tairi, akawaita wanaume watano aliowahi kuwafundisha mgambo, akawapa bunduki za mninga, na wote sita wakasimama kuizunguka miili ile, mitutu chini, vichwa vimeinama. Wenye simu wakaziweka mfukoni. Mbwa wakafukuzwa na watu wale wale waliokuwa wakipiga picha.

Kati ya wale wanne alikuwemo Deusdedit, mtoto wa Amosi, aliyekuwa mchimbaji. Amosi alifika jioni kutoka Mhunze, akamkuta rafiki yake amesimama, akamuuliza, "Telesphori, Deusi yumo?" na marehemu, ambaye hakumjibu yule mjane, safari hii alijibu, bila kuinua kichwa, "Yumo. Ni wa pili kutoka kwangu. Mbwa hawajamgusa." Amosi akasimama kando yake mpaka jeneza lilipofika.

Marehemu aliporudi nyumbani na kuvuliwa buti, mguu wa kushoto ulikuwa umejaa damu, kwani msumari wa ile soli ulikuwa umepenya hadi ndani ya kisigino. Rhoda alipomuuliza kama hakuusikia, alimjibu, "Niliusikia tangu mwanzo, lakini mfu halindwi na mtu anayechechemea." Kidonda hakikupona, ndipo ilipogundulika kwamba alikuwa na kisukari asichokijua, na tarehe 17 Mei 2023, katika hospitali ya rufaa jijini Mwanza, mguu huo ulikatwa chini ya goti.

Mama Rhoda aliyapokea hayo kwa uchungu, na familia haioni sababu ya kuficha. Alimuuliza mumewe, "Baba Rhoda, jeshi gani hili linalomla mtu mguu miaka thelathini baada ya kumwachia?" kisha akazichukua zile bunduki akaanza kuzipikia, moja baada ya nyingine, akaapa kwamba hakuna mti wa namna hiyo utakaosogelea jeneza la mume wake. Marehemu, akiwa kitandani, alisikia harufu ikitoka jikoni, akasema tu, "Zinawaka vizuri, huo ni mninga mkavu." Vipande vya nondo vilikutwa jivuni. Ilibaki bunduki moja, iliyokuwa ikiegemezwa mlango wa ghala, na Donatus alipopendekeza baba aitumie kama mkongojo, marehemu alikataa, akisema bunduki haikanyagi tope.

Kuanzia Oktoba mwaka jana figo zilianza kushindwa, akaacha kula, na Jumanne tarehe 21 Januari 2025, alfajiri, alifariki akiwa nyumbani, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Masumbwe na Mwanza, majirani waliomgeuza kitandani alipokuwa hawezi, Jumuiya yetu Ndogo Ndogo, wastaafu wenzake, na wale wanaume watano wa mgambo, ambao leo ndio waliochimba kaburi.

Leo asubuhi Mama Rhoda alikwenda ghalani mwenyewe, akaitoa bunduki iliyobaki, akaifuta vumbi kwa kitenge chake, akamkabidhi mzee Amosi akisema, "Shika, Baba Deusi. Usisimame kichwani, simama miguuni, pale palipopungua." Ndipo alipo tangu jeneza lilipotolewa nje. Kama hamkusalimiwa naye, msichukie, na mkiona nzi wanamtambaa usoni, familia inaomba mtu yeyote asiwafukuze, kwa maana hivyo ndivyo alivyotaka mzee Amosi mwenyewe.

Baba Rhoda, lindo lako limepokelewa. Mguu pande, mzee wetu, upumzike kwa amani.