Jina la Patron Kwenye Mlango

Benchi la chai la Maman Berthe liko Kashikishi, pale soko linapoishia na njia ya Kabuta inapoanzia, na wiki hii lilikuwa halitoshi. Ngoy, fundi wa magari wanayemwita Bulon, alikosa nafasi akakalia betri ya lori la dereva Valère, aliyeketi kando yake. Lori lenyewe lilisimama mbele yao, limetolewa betri lisije likaibiwa, na hakuna aliyetaka kuligeuzia mgongo. Mlangoni, upande wa abiria, rangi nyekundu ilisema PATRON FRANÇOIS. Hapo ndipo kulipokuwa na kisa, maana jina hilo Valère alikuwa amelikwangua kwa wembe jana, na juzi pia, na kila kukicha linarudi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Lori ni la Valère, alilinunua kwa jasho lake. Lakini mwenye lori peke yake hapati mzigo, kwa hiyo alilikodisha kwa François, tajiri wa usafirishaji, ndiye patron, na jina la tajiri likapakwa mlangoni. Huku ziwani mwenye jina mlangoni ndiye anayejibu samaki wakipotea. Mkataba ukiisha, wawili hao wanaketi ndani ya lori mbele ya mama wa samaki, wale wauzaji, patron anashuka, dereva anatamka, "Tangu leo muniulize miye," ndipo jina linakwanguliwa. Basi François akazama ziwani kabla ya siku hiyo. Walimwopoa, wakamzika. Valère akaona patron wa kushuka hayupo, hayo maneno ya nini tena, akachukua wembe tu. Sasa mama wa samaki wakisoma jina la marehemu wanapita mbali, na lori lisipobeba, nyumba ya Valère haili.

— Ni rangi ya Congo, alisema Bulon. Banachanganya na mafuta ya samaki. Inaingia mu chuma, jua ikiwaka inatoka tena.

— Inatoka na herufi yake yote? aliuliza Valère.

Bulon akanyoosha kikombe kiongezwe chai.

Chisala, wa kabila la Wabemba, mwenye sauti kubwa, alikuwa akiingoja zamu yake kwa hamu. Wanamwita Zuzi, yaani hakimu, kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi wa ajali moja, na tangu hapo sheria zote za nchi anazo yeye.

— Awe, si rangi, alikataa. Ni haki. Kontra haikuisha. Kiti ya pembeni ni ya patron mpaka atashuka.

— Na kujibu mizigo je? Mutu ya kufa anajibu namna gani? aliuliza Bulon.

Zuzi akasema hilo liko kwenye kifungu kingine, hakusema kipi.

Maman Berthe alikuwa akijaza vikombe bila kumtazama mtu, na lake lilikuwa baya kuliko ya wote. Alisema chini ya maji kuko soko la waliozama. Samaki wanao wengi, wanachokosa ni motoka ya kuwabebea. François hakuacha kazi, amepata wateja wengine. Bulon alicheka, kisha akaacha, maana upepo ulikuwa umekufa na harufu ya matope mabichi ilikuwa inatoka kwenye lori. Valère aliogopa, na kuogopa kule kukamtia hasira. Lori alilinunua yeye, atanyang'anywaje na maiti?

Ndipo akafika mwanamke mgeni aitwaye Mujinga, kutoka Kafutuma, ndala zake zimeshonwa kwa uzi wa wavu. Akasalimia benchi lote kwa heshima. Alipoliona lori alishusha pumzi.

— Kumbe iko hapa. Jana kule Kabuta niliweka kitunga yangu ya chisense ndani. Ile samaki ndiyo kila kitu yenye niko nayo.

Wote wakaitazama betri. Bulon alikuwa ameikalia tangu Jumatatu.

— Nani alikuwa anaendesha, mama? aliuliza Zuzi, na ile sauti kubwa haikuwapo.

— Muendeshaji sikumuona. Nilisemezana na ule baba wa kiti ya pembeni. Nguo zake zilikuwa zinachuruzika mayi. Alisema nisiogope, jina yake iko ku mulango.

Maman Berthe akainamisha birika, halikutoa kitu.

— Bon, akasema Mujinga. Sasa kitunga yangu ikipotea, nitauliza nani?

Zuzi na Bulon wakamgeukia Valère. Valère alijua kwamba akisema "patron," hadaiwi kitu, na lori litabaki la marehemu. Akisema vingine, samaki ambao hakuwapakia, kwenye safari ambayo hakusafiri, ni wake kuwajibu. Aliziangalia zile ndala zenye uzi wa wavu, moyo ukamuuma.

— Uniulize miye, alisema. Tangu leo.

Mlango wa pembeni wa lori ukafunguka polepole. Lori likainuka kidogo upande ule, kama linavyofanya mtu mzito akishuka. Kisha mlango ukafungwa kwa adabu. Mahali pa jina palibaki bati tupu.

Bulon aliondoka kwenye betri bila kuombwa. Valère akaibeba, akaifunga mahali pake, akachungulia nyuma. Kitunga hakikuwapo. Akaenda upande wa abiria, akakuta kiti kimelowa maji ya ziwa, akakipangusa kwa mkono wa shati lake.

— Panda, mama, akamwambia Mujinga. Tuende tuitafute.