Maisha ya Bi Hamisha, Msanifu wa Jumba Lililosikia Miguu

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata mgongoni. Familia imenipa kazi ya kuwasomea haya.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa baba fundi wa ishara za treni na mama mshonaji. Tuliishi katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Kabla hajaanza shule alikuwa ameshagundua kwamba pazia lile likivutwa kidogo jiko linapanuka, likirudishwa wageni wanapata pa kulala. Hakuomba ruhusa. Viti navyo vikaanza kutembea. Siku moja baba alirudi kutoka kazini, akakaa pale kilipokuwa kiti chake siku zote, akajikuta sakafuni. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Huyu si mtoto," alisema, "huyu ni Hamisha." Jina likamganda, na wengi wenu hamlijui lingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, ng'ambo ya reli. Shule ile ilikuwa na kabati moja la vitabu, nalo lilifungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu ili vitabu visichakae. Akiwa darasa la sita alinyoosha mkono mbele ya shule nzima, akauliza, "Mwalimu, kitabu kisichosomwa kina tofauti gani na tofali?" Alichapwa sawasawa. Lakini Jumatatu iliyofuata kabati lilikuwa barazani, milango wazi. Alimaliza sekondari mwaka 1976, na mwaka 1983 akahitimu chuo kikuu katika usanifu wa majengo, mwanamke pekee darasani kwake.

Aliajiriwa katika idara ya majengo, akachora zahanati, masoko na madarasa. Mwaka 1986, kwenye ujenzi wa zahanati, alimsikia fundi umeme akifoka juu ya ngazi: "Nani huyu mwendawazimu aliyechora ukuta unaokunjika? Swichi nitaiweka wapi, hewani?"

"Mwendawazimu ni mimi," dada alimjibu. "Shuka nikuonyeshe."

Alishuka. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1987, na shemeji husema kwamba tangu siku ile hajawahi kupanda tena. Walijaliwa mwana, ambaye ni mwalimu, na binti, ambaye ni muuguzi.

Kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa Jumba la Maarifa, lililofunguliwa tarehe 3 Machi 2014. Dada alisema hatujui watoto wa kesho watajifunza vipi, basi tusiwajengee kuta za jana. Kwa hiyo kuta zilikaa juu ya reli, rafu za vitabu juu ya magurudumu, na chini ya vigae shemeji alitandaza vifaa vya kusikia hatua za watu. Walipokusanyika wengi, kuta zilirudi nyuma. Alipokaa mtu peke yake, zilimsogelea na kumzuilia kelele. Ukumbi ambamo washonaji walifundishana kukata vitambaa asubuhi, jioni ulikuwa madarasa matatu ya hesabu. Kuta zenyewe zilikwenda polepole kama mshale wa saa. Huzioni zikienda, unashtukia zimefika.

Mwaka wa tatu, ndugu zangu, ndipo mambo yalipobadilika.

Kulikuwa na dereva mstaafu wa malori aliyekuja kila siku kusoma magazeti dirishani. Kuta zikaanza kumzunguka, zikamtengenezea kichumba chenye mlango mpana kuliko mwingine wowote mle ndani. "Wamenipa ofisi," alitutania. "Na mlango wa kupitishia lori langu!" Haukupita muda mrefu akapooza upande mmoja. Siku aliyorudi, alirudi kwa kiti cha magurudumu, na kiti kikapita mlangoni bila kugusa popote. Watu walisema ni bahati.

Kisha kichumba kama kile kikamzunguka mwalimu wa muziki, mzima wa afya kama kigongo. Alikwenda kupimwa kwa woga tu, akakutwa na uvimbe mgongoni. Hapo hakuna aliyesema tena habari ya bahati.

Uvumi ukapata miguu mingi kuliko wasomaji wenyewe. Wengine waliingia wamevua viatu, wakinyata ili jengo lisiwatambue. Mzee mmoja alitembea akikanyaga kwa kishindo kama askari wa gwaride, apate kulionyesha kwamba yeye bado yuko imara. Ukuta ukisogea kidogo, mtu aliacha kitabu wazi mezani na kuondoka bila kuaga.

Nilikuwapo nyumbani kwao dada alipomuuliza mumewe, "Baba watoto, jengo hili linajua nini?"

"Halijui kitu," alisema shemeji. "Linasikia miguu. Mguu ukianza kuburuta, sakafu inausikia kabla ya mwenye mguu. Na sisi ndio tuliolifundisha kumpa kila mtu nafasi inayomfaa."

"Kwa hiyo halijakosea."

"Halijakosea. Ndiyo maana ninaogopa."

Mwezi Juni 2018, kuta zikaanza kuisogelea meza ambayo dada aliifanyia kazi mle jumbani.

Binti yake alimwambia, "Mama, twende hospitali."

"Nikawaambie nini madaktari? Kwamba ukuta umenitazama vibaya?"

Alikwenda hata hivyo. Hawakuona kitu. Akarudi kufanya kazi ndani ya kichumba chake kama kawaida, lakini nilipomtembelea nilimkuta ameuelekea ule mlango mpana, kama mtu anayetazama nguo aliyoshonewa na fundi asiyempima. Mwaka uliofuata mguu wake wa kushoto ulianza kukataa amri. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukathibitishwa.

Bodi ya jumba iliitisha mkutano wa wasomaji wote kuamua kama jumba lifungwe. Dada alisimama akiwa ameshikilia meza. Alitaka jumba libaki wazi, ila sakafu iache kusikia.

Mwalimu wa muziki alipinga. "Bi Hamisha, mimi niko hai kwa sababu ya sakafu ile. Unataka kuwanyima wengine?"

Dada alimgeukia. Sote tulijua kwamba swali lile lilimhusu yeye kuliko yeyote. Kisha akasema, "Mwalimu, nafurahi uko hai, na maneno yako nitakwenda nayo kaburini. Lakini hii ni nyumba ya watu kuambiana wanayoyajua. Imeanza kujua bila kusema na mtu, kisha inamtangaza mbele za watu. Walioacha kuja kusoma ni wengi. Anayetaka kupimwa, apimwe na mwenye mdomo wa kumjibu."

Mwalimu hakuridhika, na alisema hivyo. Kura zilipopigwa, dada alishinda kwa shida. Shemeji alifunua vigae na kuzikata nyaya mbele ya wote. Tangu hapo kuta zilisogezwa kwa mipini ya kuzungusha, na washonaji na watu wa hesabu wakalazimika kubishana hadi wakubaliane. Dada aliupenda ubishi ule. Wasomaji walirudi.

Kuanzia mwaka 2021 alitembelea kiti cha magurudumu, na kichumba chake kilimtosha. Aliendelea kuwafundisha wasanifu chipukizi hata sauti ilipobaki mnong'ono. Alifariki nyumbani mchana wa Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Jumatatu, mimi na shemeji tulikwenda jumbani kuchukua miwani yake. Kichumba hakikuwepo. Kuta zilikuwa zimerudi pande zote mbili, zikaacha njia moja iliyonyooka kutoka mezani kwake hadi mlango mkuu. Mkutubi alituapia kwamba Jumapili jumba lilifungwa na mipini ilikuwa kabatini. Shemeji alipiga magoti, akafunua kigae, akazitazama nyaya. Zilikuwa vilevile alivyozikata, zimejaa vumbi. Akarudisha kigae taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Tuziache zilivyo," alisema. "Na mtu asipime kitu."

Asubuhi ya leo, kama alivyoomba, tumemuaga mle ndani, na mlioingia mmejionea. Wabebaji sita walisimama, watatu huku na watatu huku, wakalipitisha jeneza katika njia ile kutoka mezani hadi nje. Hakuna bega lililogusa ukuta. Wala hapakuwa na nafasi ya mtu mwingine yeyote kupita ubavuni mwao.

Marehemu ameacha mume, mwana na binti, mkwe mmoja, wajukuu watatu, mimi mdogo wake, kaka zetu wawili, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwataja wote.

Mola amfungulie, naye apumzike kwa amani yote.