Sifa za Nyuzi

Hebu vuta picha ya benchi la mbao lililoegemea ukuta wa duka la mshonaji. Nafasi ya katikati, iliyolainishwa na suruali ya mtu mmoja, iko wazi, na kikombe cha kahawa kinapoa mbele yake. Mwenye nafasi hiyo ni rafiki yetu Nyuzi, fundi simu. Jana alasiri bendi yake ya roki, isiyo na bosi wala kampuni, ilipiga katika ukumbi wa hapa mtaani kwetu kwa mara ya kwanza. Tulikwenda watatu, tukaketi mstari wa mbele. Leo hakuja.

Kijiwe chetu kina desturi yake: mtu hasifiwi mbele ya macho yake. Sindano, mshonaji, husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hakuna aliyewahi kumuuliza mgema. Kwa hiyo tulingoja mpaka leo ndipo tukamsifu. Sindano alisema gitaa lile lilimsimamisha vinyweleo. Breki, dereva mstaafu, alikiri kwamba wimbo wa kumkumbuka marehemu mama yake Nyuzi ulimtoa machozi, akasingizia vumbi.

— Sasa mbona haji? nikauliza.

— Kashakuwa staa huyo, akasema Sindano. Staa hakai kwenye benchi lenye msumari.

— Staa wapi! Zile spika kubwa kama kabati zimemziba masikio, akasema Breki. Hata tukimwita hasikii.

— Basi kachukuliwa na kampuni ya muziki, akasema Sindano. Hukumwona yule mwenye miwani kule nyuma? Saa hizi Nyuzi yuko kwenye ndege.

— Na simu yangu aliyoifungua juzi? akauliza Breki.

— Nayo iko kwenye ndege.

Tulikuwa bado tunaitafutia ndege hiyo pa kutua alipofika dada yake Nyuzi, mpiga ngoma wa bendi. Akatusalimu, ila hakuketi. Alisema kaka yake yuko nyumbani, gitaa kalifungia kabatini, na kawaambia wenzake watafute mtu mwingine.

— Anasema ukumbi mzima ulipiga makofi, ila ninyi mlikunja mikono kama mnangoja kung'olewa meno. Sasa kaka zangu, anauliza: ni kitu gani hamkukipenda?

Breki akakohoa.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, dada.

— Sawa, kaka. Lakini ni kitu gani?

Tukatafuta. Hapakuwa na kitu tusichokipenda.

Mwishowe Sindano akamwomba muuza kahawa ambadilishie Nyuzi kile kikombe kilichopoa. Birika lilikuwa tupu. Breki akasema twende kwake hivyo hivyo, mikono mitupu, tukaondoka tukibishana ni nani ataanza kumsifu.

Nawe unayenisikiliza, naomba ukumbuke jambo moja tu: jana, Nyuzi alipoimba wimbo wa mama yake, hakuutazama ukumbi. Alikuwa akitutazama sisi.